Nani alisema siri ni mambo ya Wazungu?

Orodha ilifika kwenye simu yangu saa mbili ya usiku, ndani ya kundi la WhatsApp la watu wa kwetu. Kurasa saba, zilizopigwa picha moja moja. Juu ya kila ukurasa, jina la kijiji. Chini yake mistari: jina, umri, namba ya simu, hesabu ya watoto, mahali alipotoka, mahali anapolala sasa. Safu ya mwisho iliandikwa kwa bik nyekundu: mjane, mlemavu, mgonjwa, «anaishi peke yake». Walikuwa watu wa Masisi waliokimbia vita na waliokuwa wanangojea msaada. Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Nusu yao siwajui, na wengine nawajua vizuri kupita kiasi.

Aliyetuma ni kijana mwema. Alitaka watu waangalie kama majina yao yamo, wasije wakasahaulika siku ya kugawa. Nikamwandikia pembeni: «Ndugu yangu, ondoa hiyo orodha. Kuna namba za wamama na mahali wanapolala.» Akanijibu kwa odio, na alikuwa anacheka kidogo: «Kaka mukubwa, siye hapa tunaishi kama familia. Siri ya nini? Ile ni mambo ya Wazungu.»

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, Goma, Sake, hata Walikale-kati. Nimelisikia kwa watu wa mashirika, kwa wachungaji wa kanisa, kwa wakubwa wa mitaa. Linasemwa kama jambo ambalo kila mtu analijua: Mzungu anafunga mlango, Mkongo anaacha wazi, Mzungu anaficha mshahara wake, Mkongo anauliza mgeni ana watoto wangapi kabla hajamletea kiti. Basi, wanasema, mambo ya kulinda habari za mtu kwenye simu na intaneti si ya utamaduni wetu.

Sikubaliani nalo. Na ninaona kwamba hapa Masisi na Walikale jibu hilo linaweza kumtoa mtu roho.

Wako wasomi waliojaribu kupima jambo hili. Anayetajwa zaidi ni Mholanzi Geert Hofstede, aliyechukua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi kati ya mwaka 1967 na 1973, akatoa kitabu mwaka 1980. Alizipa nchi alama: hapa watu wanajiangalia mmoja mmoja, pale wanaishi kwa kundi, hapa mkubwa anaogopwa, pale anabishiwa. Baada yake wengine wakatumia alama hizo kueleza kwa nini watu wa nchi fulani wanajali siri zao mtandaoni na wengine hawajali. Kongo, wakati ule Zaire, haikuwa na alama yake. Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa pamoja, zikaitwa Afrika ya Mashariki, zikapewa alama moja. Mtu aliyewahi kusafiri kutoka Addis-Abeba hadi Lusaka ataona mwenyewe kama hiyo ni nchi moja.

Mimi nauliza jambo la karibu zaidi. Utamaduni wa taifa ni upi hapa kwetu? Masisi peke yake ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, ina sekta za Katoyi na Osso-Banyungu. Ina mkulima, mfugaji, mchimbaji wa Rubaya na mwanafunzi wa Goma aliyerudi kwa mazishi. Walikale ina Bakano na Wanianga, na mapori ambamo mtu anatembea siku mbili bila kuona mnara wa simu. Wote hao ni Wakongo. Je, wote wanaona siri kwa namna moja? Hapana. Lakini wote wana siri, na walikuwa nazo kabla ya simu.

Muulize mfugaji wa milima ya Masisi ana ng'ombe wangapi. Atakutazama, atacheka, ataongea juu ya mvua. Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Mama mjamzito wa miezi miwili hatangazi. Nywele zikikatwa zinaokotwa, kucha zinafukiwa, kwa sababu kitu kilichotoka mwilini mwako kikiangukia mkono mbaya kinaweza kukurudia. Unaweza kuita hayo imani za zamani. Lakini fikiria vizuri: babu aliamini kwamba kipande kidogo cha mtu, kikishikwa na adui, kinampa adui nguvu juu ya mtu mzima. Leo fundi wa kompyuta wa Ulaya anaeleza jambo hilohilo kuhusu alama za vidole na namba ya simu.

Warega, majirani wa Walikale upande wa kusini, walikuwa na Bwami. Ndani ya Bwami kuna maneno na vitu ambavyo mtu anaonyeshwa kwa daraja aliyofikia, si mbele wala si nyuma. Utawala wa Wabelgiji haukuvumilia watu wenye mambo usioyaona, ukaipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Kwa hiyo nikisikia kwamba kutunza siri kulikuja na Wazungu, nakumbuka kwamba kwa Warega Mzungu ndiye aliyekuja kuifungua kwa nguvu.

Na baada ya kufungua, akaandika. Kati ya mwaka 1937 na 1955 utawala ule ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda hadi Gishari na sehemu nyingine za Masisi, kwa mpango ulioitwa MIB. Watu walihesabiwa, wakaandikishwa, wakapewa makaratasi. Tangu hapo swali la nani ameandikwa wapi, na kama nani, halijalala Masisi. Mwaka 1991 serikali ya Zaire ilipoanzisha zoezi la kutambua raia, zoezi hilo lilileta ghasia hapa Kivu. Mwezi wa tatu 1993 damu ikamwagika sokoni Ntoto, Walikale, na vita vikaenea Masisi nzima. Sisemi kwamba orodha peke yake ilileta vita. Ardhi ilikuwepo, siasa za Kinshasa zilikuwepo. Ila wazee wetu waliokuwa vijana wakati ule wanajua kwamba daftari lenye majina si kitu cha kuchezea, na ukiwauliza watakwambia bila kungoja mafunzo ya shirika lolote.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa huku wanakijua kwa miili yao: jetoni. Vikundi vyenye silaha viliwatoza raia kodi ya mwezi, nyingine ikaitwa kwa jina zuri la «lala salama», na aliyelipa alipewa kikaratasi. Ukikutwa bila jetoni, unapigwa au unalipa mara mbili. Ukikutwa nayo upande wa pili wa mto, kwa kikundi kingine, swali ni lingine: «Kumbe wewe ndiye unawalisha wale?» Karatasi ileile inakuokoa asubuhi na kukushitaki mchana. Ndiyo maana wamama wanaobeba mihogo wanajua mahali pa kuificha: ndani ya kitenge, chini ya mzigo, ndani ya kiatu cha mtoto. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Mama anayepita bariere tatu kwa siku moja, mwenye kujua ni karatasi ipi ya kuonyesha wapi, huyo ana ujuzi wa siri kuliko mwanasheria wa Bruxelles.

Basi kwa nini mama huyohuyo anaacha simu yake bila kode kwenye nyumba ya kuchaji?

Hapo ndipo penye kazi. Simu ilikuja na mambo yake, na mambo hayo yaliamua mengi kuliko utamaduni. Umeme hakuna. Unapeleka simu kwa mwenye panneau au jenereta, anafunga kikaratasi chenye jina lako, simu inalala pale na nyingine arobaini. Ukiweka kode, wengine wanaona una jambo la kuficha, na mwenye nyumba anataka kuona kama imejaa. Unaenda kwa kabine kutuma pesa: kijana anaandika jina lako, namba yako na kiasi katika daftari lililo wazi mezani, na anayefuata kwenye foleni anasoma juu ya bega lako. Bibi asiyejua kusoma anampa mjukuu simu pamoja na kode ya M-Pesa au Airtel Money. Mume aliye kwenye machimbo anatuma odio ya mambo ya nyumbani, na odio hiyo inapigwa kwa sauti kubwa uani, kwa sababu simu ni ya jirani. Hakuna hata mmoja hapo aliyesema «sipendi siri». Kila mmoja alifanya aliloweza kwa mlango alioachiwa.

Na tusisahau kwamba tulikuwa na zoezi kabla. Walikale iliishi kwa fonie miaka mingi. Wanegosia wa cassiterite ya Bisie, waliokuwa wakingojea ndege kutua barabarani Kilambo, waliuza na kununua kwa redio ambayo kila mwenye mashine angeweza kuisikia. Je, walitangaza bei zao na njia zao hovyo? Thubutu. Walikuwa na majina ya kuficha, walihesabu kwa maneno ambayo ni wao tu walioyajua, walisema «mgonjwa amepona» na mizigo ikaondoka. Kwenye fonie kila mtu alijua kwamba hewa ina masikio. WhatsApp imetudanganya kwa sababu inafanana na chumba. Unaona majina ya ndugu zako, unaona picha ya marehemu mzee juu kama alama ya kundi, unasahau kwamba ile ni fonie tu, tena fonie inayohifadhi kila neno na kulipeleka kwa mtu wa tatu akibonyeza mara moja.

Ninaposema hivi sijitoi. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, niliweka kwenye Facebook picha za matanga ya mjomba, pamoja na jina la kijiji na watu wote waliokaa mbele. Mmoja wao alikuwa amejificha kwa sababu alizozijua yeye na familia. Hakuna baya lililompata, namshukuru Mungu, lakini hajanizungumzisha mpaka leo. Ana haki.

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 jambo limekuwa zito zaidi. M23 waliingia Masisi-kati mwezi wa kwanza, kisha Sake na Goma mwisho wa mwezi uleule. Mwezi wa tatu wakafika Walikale-kati, wakatoka mwezi wa nne. Njia moja ya moto leo inaweza kupita kwa upande mmoja, kisha kwa Wazalendo, kisha kwa jeshi, na kurudi. Kila anayesafiri anajua kwamba simu inaweza kuombwa. Picha gani iko ndani? Wimbo gani? Uko ndani ya kundi gani, na kundi hilo linaitwaje? Kijana anaweza kuwa hajaandika neno hata moja, ameingizwa tu na binamu yake katika kundi lenye jina kali, na picha zinajihifadhi zenyewe kwenye simu kila mara mtandao unaporudi. Wengi sasa wanafuta kila kitu kabla ya kupanda moto, wengine wanasafiri na simu ndogo ya vifungo na kuacha ile kubwa nyumbani. Hakuna aliyewafundisha. Ni ujuzi uleule wa jetoni umehamia kwenye simu.

Tena kuna shida ya jina. Huku kwetu jina linasema. Ukisoma jina na kijiji, watu wengi watadhani wamejua kabila la mtu, lugha ya mama yake, na (hapo ndipo hatari inapoanza) upande anaopaswa kuwa. Orodha ya majina mia tatu ambayo Kananga ingekuwa karatasi ya kawaida, Masisi ni ramani ya jamii zilizolala wapi. Ndiyo maana sikubali neno «utamaduni wa taifa» lipite juu ya kila kitu kama mvua moja. Mtu wa Kinshasa anayeweka jina lake lote, picha yake na mtaa wake kwenye TikTok, na mtu wa Nyabiondo anayeweka ua mahali pa picha na herufi mbili mahali pa jina, wana sheria moja na rais mmoja. Hawana hatari moja.

Sheria, nayo, ipo. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 tulipata sheria ndefu ya mambo ya dijitali, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya habari za watu, na mamlaka ya kuzilinda. Kwa karatasi tuko sawa na wengi. Lakini sheria hiyohiyo ina vifungu juu ya kueneza uvumi, na vilitumika dhidi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023 na kukaa gerezani miezi sita. Simu zake zilichukuliwa na kupekuliwa. Raia anayesoma habari hizo anaelewa haraka sehemu ipi ya sheria ina meno.

Mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unatuonyesha sisi wenyewe ni ule wa RAM. Mwaka 2020 serikali ilianza kuandikisha kila simu ya nchi hii kwa namba yake ya kiwandani, na kwa huduma hiyo ikakata unite za watu. Kelele zilipanda mpaka bungeni, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Tulishinda, na nilifurahi kama wengine. Ila tulipigania nini? Unite. Karibu kila mtu niliyemsikia aliuliza pesa zetu zimeenda wapi. Sikumbuki nikisikia redioni mtu akiuliza daftari la simu zetu liko wapi, nani analishika, na litafanya nini baada ya kodi kuondoka. Hapo ninakubali kidogo maneno ya yule kijana: kuna jambo ambalo bado hatujalizoea. Tunaiona hatari ikiwa na uso, ikiwa na bunduki, ikiwa na jina la jirani. Hatari isiyo na uso, iliyo ndani ya kompyuta ya mji wa mbali, haituamshi usiku. Mwanzo wa 2025 X na TikTok zilipofungwa nchini, vijana walipakua programu za bure za kupita kizuizi bila kuuliza nani mwenyewe. Walikimbia mlango mmoja, wakaingia mwingine wakiwa na kila kitu mfukoni.

Na kadi za SIM? Zinaombewa kitambulisho, na kitambulisho cha Wakongo wengi ni kadi ya uchaguzi. Uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Wengi wa huko hawakupata kadi mpya. Basi namba zinaandikwa kwa jina la shemeji, la mwenye kabine, la mtu asiyejulikana. Kwa upande mmoja ni kinga: namba haisemi wewe ni nani. Kwa upande mwingine ni mtego: siku mtu akiulizwa kwa nini jina la simu si jina lake, au siku pesa zikipotea, hana la kuonyesha.

Kuna upande mwingine ambao lazima niuseme kwa haki, kwa sababu ni wenye nguvu. Kijana aliyetuma orodha angeweza kunijibu hivi: kaka, uwazi ndio umetuokoa. Na ni kweli. Watu walipokimbia Masisi kuelekea Minova, Goma na kwingine, watoto walipotea njiani. Makundi ya WhatsApp ndiyo yaliyowarudisha wengi: picha ya mtoto, jina la mama, «aliyemjua apige namba hii». Makundi hayohayo yanaonya kwamba barabara imefungwa, kwamba mapigano yameanza nyuma ya kilima. Kijiji kisichopashana habari ni kijiji kinachokutwa kimelala. Na msaada unaogawanywa kwa siri ndio unaoliwa: orodha ikifungiwa ndani ya mkoba wa mkubwa, siku ya kugawa utaona majina ya shemeji zake na ya watu waliokufa. Kubandika orodha mbele ya watu wote ni silaha ya maskini dhidi ya wizi.

Hoja hiyo naiheshimu, na sina jibu linaloimaliza. Ila kuna tofauti kati ya kuonyesha na kumwaga. Kwa kuzuia wizi, watu wanahitaji kuona majina, au hata namba za jetoni tu, kwenye ubao wa mahali wanapokaa, mbele ya majirani wanaoweza kusema «huyu simjui». Hawahitaji namba ya simu ya mjane. Hawahitaji neno «mgonjwa». Na mtu wa tatu aliye Kampala au Kigali au Lubumbashi, ambaye ni ndugu wa ndugu, hahitaji chochote hapo. Kwa mtoto aliyepotea, picha inatosha, na namba ya kupigwa iwe ya mtu mzima anayejulikana; jina la kijiji alipo aulizwe kwanza yule anayepiga, tuone kama analijua jina la mama.

Wanaoandika orodha hizo nao wajiangalie. Mashirika ya misaada yanachukua majina, namba, picha, mahali pengine hata alama za vidole, kwa watu ambao hawawezi kukataa kwa sababu nyuma ya kukataa kuna njaa. Unamwomba mama aweke kidole na unasema «amekubali». Amekubali unga. Tena hata walio na uangalifu mkubwa wanaibiwa: mwezi wa kwanza 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye habari za watu zaidi ya 515.000, wengi wao wakiwa watu waliotengana na familia zao kwa vita na maafa. Shirika hilo lilisema lenyewe, likaeleza. Kama nyumba ile yenye kufuli kubwa imevunjwa, tuseme nini juu ya orodha yetu, iliyoandikwa kwa bik, ikapigwa picha na simu ya mtu wa kujitolea asiyelipwa, ikatumwa kwake kwa WhatsApp kwa sababu hakuna kompyuta? Ninajua kwamba ndivyo inavyofanyika. Wanaofanya hivyo wanajua kwamba ninajua.

Wakati wa Ebola tuliona bei ya kutofikiria hilo. Mwezi wa nane 2019 ugonjwa ulipofika Pinga, wilayani Walikale, kazi ya kuwafuata waliogusana na mgonjwa ilitegemea watu kukubali kutaja majina. Tangu Beni mpaka huku, mtu akisikia kwamba jina lake limeandikwa na gari litasimama mbele ya mlango wake, majirani wote wakitazama, alikimbilia porini. Wengine waliita huo ujinga. Lakini aliyejificha alikuwa analinda kitu, na waganga waliolielewa hilo, wakaja kwa miguu, bila kelele, wakazungumza na mzee wa nyumba kwanza, walipata majina.

Sasa nirudi kwenye orodha yetu.

Kijana aliiondoa kesho yake asubuhi. Hakukasirika, alisema tu, «Sawa, kaka, kama inakusumbua.» Lakini usiku mzima ilikuwa imetembea. Mimi mwenyewe niliiona tena siku mbili baadaye, imetumwa na mtu mwingine katika kundi la kanisa, na chini yake maneno «tuwaombee ndugu zetu».

Wiki iliyofuata mwanamume alianza kupiga simu kwa wamama wenye alama ya «mjane». Aliongea Kiswahili kizuri, alitaja jina, kijiji, hesabu ya watoto. Alisema yeye ni wa mradi, kwamba jina limechaguliwa kwa msaada wa pesa, na kwamba linahitaji kwanza franka elfu kumi za kufungua faili. Angejuaje mambo hayo yote kama si mtu wa mradi? Mmoja wao, mama wa watoto wanne kutoka upande wa Katoyi, alikopa, akatuma. Akapigiwa tena, safari hii usiku, na mtu hakuomba pesa. Alimuuliza kama ni kweli analala peke yake.

Alitupa kadi ya SIM siku hiyohiyo. Nilikutana naye baadaye, nikamwomba radhi kwa niaba ya kundi letu, akaniangalia kama mtu asiyeelewa ninazungumzia kundi gani. Lililomuuma halikuwa pesa. Shemeji yake yuko kwenye machimbo Walikale, na ndiye anayetuma karo ya watoto. Namba ile ya zamani ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Hakuwa ameiandika namba ya shemeji mahali popote, ilikuwa ndani ya kadi. Aliniuliza kama mimi, kwa kuwa ninajua mambo ya intaneti, ningeweza kuweka jina lake na picha yake kwenye Facebook ili shemeji amwone.

Bado sijamjibu.